Niliyeitwa Mfagiaji

Mjukuu wangu, mume wangu Lusekelo,

Huku Chapwa hatujambo, mama yako anakusalimu na mahindi tumeshavuna. Umeniuliza kama ukubali wakuite mtengeneza programu tu, wakati wewe ndiye unayekaa na wateja, unayepanga kazi za wenzako na unayepigiwa simu mfumo ukigoma. Unasema labda ni jina tu.

Nikiwa msichana niliajiriwa kufagia kwenye mtambo wa kumenya kahawa kule Mbozi. Baadaye nikawa napokea kahawa ya wakulima, nauwasha mtambo na kufundisha wanaoanza kazi, lakini bado nikiitwa mfagiaji. Walipotafuta msimamizi, meneja aliniambia, "Dada, tunataka mtu wa mtambo. Wewe ni wa usafi." Wakamleta mwanamume mgeni, nami nikaambiwa nimfundishe.

Alikuwa mpole. Kila asubuhi alinisalimia vizuri, akaniuliza mtambo unaendaje, kisha akanionyesha pa kufagia.

Kwa hiyo taja mwenyewe jina linalobeba kazi yako yote, kabla hawajakuchagulia. Ukija likizo utaona uwanja wangu anaufagia mama yako. Mimi ufagio siugusi.

Bibi yako