Ndoa ya Leokadia Haikufungwa kwa Pete

Dada yangu Yustina,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kila kinachofanyika mbele ya altare kina uzito mmoja, hivyo kikipungua kimoja, vyote vimeharibika. Nimeanza na hilo kabla ya kukujulia hali kwa sababu barua yako imeninyima usingizi. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mguu wako unaendeleaje? Na migomba?

Huku Biharamulo tumechoka. Malori yamechukuliwa kwenda vitani, chumvi na sabuni hatuvioni. Bado nafundisha makatekista wa vijiji hivi vipya, nakwenda kwa miguu, na magoti hayataki tena.

Sasa, binti yako Leokadia. Unaandika kwamba mama mkwe wake humwambia mbele ya watu, "Mke wa nani wewe? Hebu onyesha kidole." Kwamba amerudi kwako, ameacha kupokea Komunyo, na tayari kuna mtu ameanza kuulizia posa. Nawe unafikiri usubiri mumewe arudi kutoka vitani, wafunge ndoa upya, au basi umwoze huyo mwingine. Hapana, dada.

Mimi nilikuwa shahidi wao. Pete hazikupatikana huko kwenu Ngara nzima, na kijana alikuwa anaondoka na wenzake wa mgambo. Padri aliwauliza, kila mmoja akajibu kwa sauti kwamba anamtaka mwenzake, nasi mashahidi wawili tukasikia. Hayo ndiyo yanayotakiwa na sheria ya Kanisa ili ndoa iwe ndoa: wawili walio huru, wakubaliane, mbele ya padri mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Kubariki pete kumo katika maagizo ya kitabu cha ibada, yale yaliyochapwa kwa wino mwekundu. Usinielewe vibaya. Maagizo hayo nayo yanabana, wala padri hayaruki apendavyo. Sheria kuu haielezi kila ibada ifanyweje; imeviachia vitabu vya ibada kazi hiyo, na inataka viheshimiwe. Lakini liko agizo ambalo likikosekana hakuna kilichofanyika, na liko ambalo likikosekana ibada imepungua, tendo limebaki. Pete ni ya aina hii ya pili.

Nilimsimulia jirani yangu Masanja, Msukuma aliyehamia hapa na mifugo yake. Akacheka. "Mwalimu, kwetu ng'ombe wakishaingia zizini kwa mkwe, mke ni mke. Nyinyi mnagombania kichuma cha kidoleni?"

"Na ng'ombe hao wakifa?"

"Wakifa si wamekufa kwa mkwe? Mke harudi."

"Basi wewe mpagani umeelewa kuliko yule mama."

"Basi mwambie padri wako anipe ubatizo bure," akasema.

Sicheki sana siku hizi, lakini hapo nilicheka. Kinachonitisha ni huyo mwenye posa. Ukimkubalia, utakuwa umemtoa mke wa mtu, na mwenyewe yuko vitani hawezi hata kujitetea.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mama mdogo anayetuombea rozari. Katekista wa kigango chenu mwombe amsomee mama mkwe barua hii, polepole, bila ugomvi.

Mimi kaka yako, Gervasi, nakuomba jambo moja tu: leo hii mfungie Leokadia mzigo wake, umsindikize mwenyewe hadi ng'ambo ya bonde, nyumbani kwa mumewe.