Mutoto Uliyemuita Kula

Mama Prof,

Tulikupoteza Jumapili moja ya mvua, mwezi wa tisa, kabla ya misa ya pili. Hiyo ni hasara ya wote. Yangu mimi iliniangukia Alhamisi iliyopita asubuhi, ndani ya darasa lako, nikiwa nimekaa nyuma kabisa kama mugeni.

Wamempa Furaha kozi yako. Ndiyo, Furaha wetu wa Bukavu, musaidizi mwenzangu. "Diversité linguistique dans l'espace francophone", wingi wa luga katika nchi za Kifaransa: jina lote lile refu sasa linakwenda pamoja na jina lake. Mimi wameniachia mazoezi ya wanafunzi. Mimi, Kavira, niliyeuza makala ya kupikia ya Sake ili nijilipie masomo! Mimi niliyekufanyia hesabu zako zote, kwa sababu wewe ukiona asilimia unashikwa na usingizi. Wewe masikio, mimi hesabu. Si ndivyo tulivyogawana?

Nilikwenda kumusikiliza nikiomba aanguke. Nakuambia wewe kwa kuwa hutamwambia mutu. Hakuanguka. Alieleza namna Kifaransa kinavyoishi na majirani zake kule Dakar na Port-au-Prince, bila kusoma karatasi hata moja. Kisha akafunga kitabu, akaweka mikono pembeni ya mdomo, akaita kwa Kimashi cha kwao, sauti ya kuvuka bonde, kama mama anayeita mutoto akuje kula.

Mama Prof, kalamu niliiweka chini.

Ile ilikuwa yetu. Unakumbuka kambi ya Mugunga? Kabla yetu walipita vijana wa utafiti na fomu zao, wanauliza: "Mama, unasema luga gani?" Kila mama akajibu Swahili. Cent pour cent, mia kwa mia! Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Ukaniambia: "Kavira, wakati wa vita, kuuliza mutu luga yake ni kumuuliza uko upande wa nani. Nani atakujibu?"

Basi sisi hatukuuliza. Uliwaambia wale mama: "Mutuonyeshe namna munaita batoto bakuye kula." Walipoona haya, ulianza mwenyewe. Wewe usiyekuwa na mutoto, ulisimama katikati ya mahema ukapiga kelele kwa Kinande, maana yake: Kavira, kuya kula! Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini, nikaja mbio na bakuli mkononi. Wakafa na kicheko. "Mutoto mukubwa vile! Huyu atamaliza chungu na mufuniko!" Halafu wakaanza, mmoja kisha mwingine, Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kitembo, na watoto wakatoka hata kwenye mahema ambayo hayakuita, kwa sababu njaa inasikia luga zote. Jioni nilipiga hesabu: Swahili haikufika hata nusu. Mimi nilihesabu, wewe ulilia.

Sasa Alhamisi, zamu ya wanafunzi kuita ilipofika, kijana mmoja wa Masisi aliita vizuri sana, darasa zima likamujibu: "Tunakuya!" Walikuwa na furaha. Furaha yenyewe, na Furaha wao mbele. Nilimungojea Furaha mlangoni.

"Ile nani alikupa?"

"Yaya Kavira," ndivyo ananiita, dada mukubwa, "ni Mama Prof mwenyewe, kule kambi ya Kanyaruchinya. Alikuwa anapiga kelele: Furaha, kuya kula! Na miye nakuya mbio na sahani."

Na sahani. Mimi nilikuwa na bakuli tu.

Kanyaruchinya ulikuwa unakwenda bila mimi. Uliniambia ni kusalimia watu. Nimepanga miaka yako yote kichwani, mimi ninayejua kupanga, na haikai: sijui kama safari zile zilitangulia Mugunga ao zilifuata.

Na kambi ya Mugunga haiko tena. Mahema yalitolewa, watu wakaambiwa warudi kwao. Wengine hawana kwao. Yule mama wa Kihunde aliyesema habari ya chungu, sijui alilala wapi. Sauti yake iko katika mashini yangu, pamoja na zote tulizorekodi. Furaha amekuja kuziomba mara mbili: "Yaya, wakisikia zile sauti siku moja, wataelewa yale miye ninaeleza mwezi mzima." Ni kweli. Hapo ndipo panaponiuma. Nikamujibu mashini ni mgonjwa. Si mgonjwa. Nimekalia sauti za watu kama kuku na mayai yake.

Jumamosi tunaondoa matanga yako. Kisha misa, kila mutu atakwenda kwa mdogo wako, mutaa wa Majengo, na yeye atatuita kula. Furaha atakuwepo. Sauti zote nitakuja nazo katika mkoba, na kabla ya kutoka katika uwanja wa mdogo wako nitamupa. Nakuahidi, hata jibu ninalokuomba hapa chini liwe la kunichoma. Wale mama hawakuita ili mimi nifunge mlango. Na TP, yale mazoezi waliyoniachia, nitaifundisha. Moja tu nitabaki nayo: ile ambamo unaita jina langu. Hiyo asiniombe.

Pumzika, Mama Prof. Kaburi lako nimelijengea mawe meusi, mvua haitalihamisha.

Lakini nijibu. Njoo katika usingizi, njoo namna unavyoweza, na usinicheke tu kama desturi yako. Nakupa mpaka Jumamosi saa sita, kabla ya sahani kugawanywa.

Uliita nani kwanza: mimi, ao yeye?

Kavira