Glasi ya Baba Yako

Nyumbani kwenu,
Jumapili jioni.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa utani,

Kwanza nijibu: kifua kimepona? Unakula, au umebaki masikio tu? Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Leo kukaa siwezi. Nimefagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiwa. Mwandiko usiucheke, shule niliionea nje.

Mchumba wa dada yako alitualika leo chakula cha mchana kazini kwake. Kazi yenyewe kupika bia, kwenye mkahawa wa Kijerumani. Fisi kualikwa buchani! Tangu baba yako aache pombe, mimi hata siki naificha. Nikasema tusiende. Akasema, "Mama, nisipokwenda, binti yangu atamwambia nini mwenzake?" Tukaenda.

Mapipa ya shaba yanang'aa nyuma ya kioo, meza ndefu za mbao, soseji kama mkia wa ng'ombe, kabichi iliyochachuka. Hatujakaa vizuri, mhudumu kaweka glasi ya bia mbele ya kila mtu. Hakuuliza. Baba yako akaitazama yake kama mtu anayetazama nyumba aliyohama.

Nikaivuta, nikainywa yote. Mimi! Chungu kama shubiri. Nikamrudishia glasi tupu. Mhudumu akapita, akaweka nyingine. Nikainywa na hiyo. Akaleta nyingine tena! Nikamwambia, "Wee kijana, mwanangu amekukosea nini?"

Mchumba wa dada yako akacheka mpaka akashika meza. "Bibi, hapa glasi ikiwa tupu na wazi, maana yake ongeza. Ukitosheka, unaifunika kwa kile kikaratasi kigumu cha duara kinachokaa chini ya glasi." Kikaratasi changu mimi nimeshakikunja zamani, nimekitia chini ya mguu wa meza, ilikuwa inayumba.

Kicheko kikaisha. Glasi imejaa, povu juu. Mkono wa baba yako ukatoka. Moyo wangu paa! Akachukua kikaratasi chake, akaifunika glasi vile vile ilivyojaa. Akamwambia mkwewe, "Mwanangu, kazi yako nzuri, naiona. Ila mimi nilishatosheka. Niletee chai." Dada yako akatokwa na machozi, eti kabichi imempalia.

Sasa nisikilize. Uliapa hutasema naye mpaka aache. Ameacha. Nimeona kwa macho yangu haya, ingawa saa ile yalikuwa yanaona glasi mbili mbili. Lakini tangu turudi amekaa kwenye ngazi, simu mkononi, hapigi. Anaogopa hutapokea. Nikipita anajifanya anatazama saa. Ndiyo maana situlii, mjukuu wangu. Leo tulikuwa wengi mezani. Kesho atakuwa peke yake.

Shangazi yako anakusalimu, dada yako pia. Shemeji yako mpika bia anaomba msamaha, nimemwambia hana kosa. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo.

Mimi usinijibu. Mpigie yeye.

Bibi yako, mkeo wa kwanza, akupendaye hata ukinuna.