Shafti ya Pampu ya Hewani

Garsen,
2 Machi 1957

Kwa kaka yangu Tsuma,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto, na kama mama amekuja kwenu huko Mombasa mshike mkono kwa niaba yangu. Mimi mwili wangu haujambo. Natumaini kifua chako nacho kimepoa, maana mara ya mwisho nilisikia unakohoa kwa vumbi la makaa unayopakua bandarini.

Najua nimekaa miaka minne bila kuandika. Huku Garsen fundi wa mashine ni mimi peke yangu. Mchana watu huniletea cherehani, baiskeli na karabai, kisha huenda zao. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, wala hakuna wa kuzungumza naye Kigiriama. Siku nyingine naiamkia mashine ya kukerezea, kisha naitikia mwenyewe. Ungeniona ungenicheka. Upweke ni mbaya, kaka, na kwa mtu aliyejitakia ni mbaya zaidi.

Nikupe habari ya pampu. Wakulima wa mpunga wa kijiji cha Hewani wana pampu moja ya kupandisha maji ya mto. Mwezi uliopita shafti yake, ule mhimili wa chuma unaoizungusha, ilikatika vipande viwili, miche ikiwa bado kitaluni. Mzee Hiribae, kiongozi wao, aliniletea vile vipande kwa mtumbwi. Akanieleza kwamba miche hiyo ikifa hawana mbegu nyingine, na kwamba wake zao wameshaanza kumwagilia kwa ndoo, mmoja akisimama kando kuwalinda na mamba.

Shafti ilikuwa imepigwa muhuri wa jina la chuma chake, Dunmoor Special. Jina hilo kiwanda kilijitungia chenyewe, hakikusema ndani mna nini, na sasa kiwanda kimefungwa. Nikawaandikia wauza vyuma wa Mombasa wanitafutie chuma cha kawaida kinacholingana nacho. Nikingoja jibu nilifanya ulivyonifundisha. Niligusisha kipande kwenye jiwe la kunolea nikatazama cheche, maana kila chuma kina cheche zake, kisha nikagusisha kila chuma nilichokipata hapa mjini: nondo, jembe, hata springi ya lori bovu. Cheche za shafti zilikuwa fupi, nyekundu, zenye adabu. Za vingine zilikwenda mbali au zikapasuka ovyo. Hakuna kilicholingana.

Jibu likaja. Walisema wamepata habari za kaboni, nikeli na kromi yake, na katika orodha ya vyuma vya kawaida mwenzake ni En 24. Ila kwao kimekwisha, mpaka meli ya mwezi wa tano. Namba ile nilikuwa naijua.

Nikadanganya. Nilimwambia Hiribae kwamba chuma hicho hakipatikani, nikamkerezea shafti ya chuma laini ili nionekane nimefanya kitu. Ilipinda siku ya pili. Aliirudisha bila kugomba, akasema anajua nimejitahidi, akaniachia chane ya ndizi. Ndizi zile sikuweza kuzila.

Kaka, En 24 ilikuwa chini ya kitanda changu. Lile pande refu la chuma lililopotea stoo ya karakana tulipokuwa tukifanya kazi pamoja, ukafukuzwa kazi wewe kwa kuwa ufunguo ulikuwa mikononi mwako, nililichukua mimi. Nilitaka kujitengenezea vifaa niwe na karakana yangu. Siku ya safari yangu ya kuja huku, uliponivua koti langu bovu ukanivika lako, chuma kilikuwa tayari kwenye mzigo, nimekizungushia mkeka. Ulinisaidia kuubeba mzigo ule. Ulisema ni mzito, tukacheka. Miaka yote hii sikuthubutu hata kukikata.

Juzi nilikipeleka Hewani pamoja na mashine yangu ya kukerezea, nikaifunga kwa mkanda kwenye injini ya pampu yao ili injini iizungushe. Nilipopima nikaona kwamba shafti haitatimia urefu bila ile ncha yenye muhuri wa stoo. Ningeikereza, muhuri ungefutika, na hakuna mtu duniani angejua. Nilisimama pale kitambo, Hiribae akidhani ninapiga hesabu. Mwishowe nikaikata ncha kwa msumeno. Shafti ikapungua vidole vitatu, nikashinda kutwa nikisogeza beringi ziifuate. Jana maji yalipanda mpaka kitaluni. Wanawake walipiga vigelegele, mzee akanikumbatia, nami nikaona aibu mpaka nikajifanya natafuta spana.

Ncha hiyo ndiyo iliyomo katika kifurushi hiki, pamoja na karatasi niliyomwandikia msimamizi wa karakana, yenye jina langu kamili na alama ya dole gumba. Mpelekee vyote viwili. Wakitaka kunifuata, waambie nipo Garsen karibu na kivuko, mtu yeyote atawaonyesha. Sitakimbia tena. Msamaha siwezi kuuomba kwa karatasi. Ninachoomba ni jina lako lirudi kwako.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Mama usimsomee barua hii mpaka wewe mwenyewe uone vyema. Na lile koti lako ninalo, limekunjwa vilevile. Sijalivaa tena tangu siku ile.

Ni mimi mdogo wako,
Ngumbao