Baba, Ulinisindikiza Kumtafuta Daktari wa Mtoto

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia.

Wiki iliyopita msichana anayeuza mitumba karibu na meza yangu hapa sokoni Kiboriloni aliniuliza, "Dada Aika, wewe daktari wa mtoto wako ulimpataje?" Ana mimba, hana mume, na tumbo analificha kwa kanga mbili. Nilimjibu juu juu: tafuta anayesikiliza, nenda kabla hujajifungua. Kwamba mimi nilipelekwa na baba yangu, nilishindwa kutamka. Mjukuu wako Neema anasoma chekechea sasa, na bado uso uliniwaka.

Asubuhi ile uliposhuka kutoka Machame kunifuata mjini, umevaa koti lako la ibada, nilidhani nimekuelewa. Wewe ni mzee wa kanisa, na binti yako ana mimba ambayo mwanamume mwenyewe ameikana. Ulisema tu, "Jiandae, tukatafute daktari wa watoto." Nikakuuliza kwa nini tusisubiri azaliwe, mbona zahanati ya kijijini ipo. Ukajibu, "Akishazaliwa tutakuwa tumechelewa." Nikajua unataka shida zangu zimalizikie mjini, mbali na macho ya washarika wenzako. Nilitembea nyuma yako nikitazama visigino vyako, nikitamani ardhi ipasuke.

Kwa daktari wa kwanza, dada wa mapokezi alinitazama, akakutazama, akauliza, "Mzee, wewe ndiye baba wa mtoto?" Watu waliokaa kwenye benchi waligeuka wote. Ukavua kofia. "Mimi ni babu yake," ulisema, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukisomea matangazo kanisani.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Nilimweleza ninavyotaka kumlea mwanangu: maziwa yangu tu mpaka miezi sita, bila maji wala uji, chanjo zote, na ufizi wake usiguswe na mtu, maana kwetu mtoto akiharisha na kupata homa husemwa ana meno ya nailoni, na wapo wanaoyachimba. Aliangua kicheko. "Bado mnayo mambo hayo? Ushamba tu! Kama ni bibi yake, mkatazeni."

Ukashukuru, tukatoka. Nilikuomba turudi nyumbani. "Bado," ulisema. "Huyu hawezi kutusaidia. Anacheka."

Wa pili tulimpata upande wa hospitali ya Mawenzi, mama mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtoto akiugua hapo nyumbani, nani mwenye kauli?"

Nilingoja ujitaje. "Mke wangu," ulisema.

"Naye anaamini hayo meno?"

Ukaanza kuongea ukitazama kofia yako mapajani. Ukasema mtoto wenu wa kwanza, wa kiume, alipata homa na kuharisha. Mkaambiwa ni meno ya nailoni. Ukasema wewe ndiye uliyemshika kichwa, akachimbwa ufizi kwa spoki ya baiskeli, na mama alikuwa nje akilia. Hakumaliza wiki.

Mimi, Baba, nilikuwa nimekaa pembeni yako nikisikia kwa mara ya kwanza kwamba niliwahi kuwa na kaka.

"Mke wangu anasema alikufa kwa sababu tulichelewa kuyatoa," ulimwambia daktari. "Akiacha kuamini hivyo, ataishi vipi?"

Daktari alivua miwani. "Basi hatutamcheka, wala hatutamgombeza," alisema. "Siku mtoto akiugua nipigieni, halafu mnipe bibi yake mwenyewe niongee naye."

Tulipotoka sikuweza kukutazama usoni. Njia nzima nilikuwa nimekudhania unaficha tumbo langu.

Neema alizaliwa salama, nikaja kwenu kulelewa uzazi. Mama alinipikia mtori wa ndizi, akanikanda kwa maji ya moto, akaniogeshea mtoto. Hakunitukana hata siku moja, lakini wageni walipouliza baba wa mtoto yuko wapi, alitoka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mtoto akakua vizuri mpaka alipoanza kuharisha, akachemka mwili mzima. Mama alimpanua mdomo mlangoni penye mwanga. "Ona ufizi ulivyovimba," alisema. "Yule mama wa bondeni anayetoa meno nimeshamtumia ujumbe. Anakuja."

Nilikuwa na maneno yote kichwani. Lakini mtoto nimemleta bila baba, nakula chakula cha wazazi, ningepata wapi mdomo wa kumpinga Mama? Nilimkumbatia Neema, nikaanza kulia kama mtoto mwenzake.

Ukaingia kutoka zizini, mikono bado ina maziwa. Ukamwita kwa jina ambalo sikuwahi kukusikia ukimwita.

"Mama Elisante."

Mama aliganda. Siku zote alikuwa Mama Aika.

"Safari hii sishiki kichwa," ulimwambia. "Sitaweza. Ongea na huyu kwanza." Ukapiga simu, ukampa.

Sikusikia daktari alichosema. Nilimsikia Mama tu. "Ndiyo, daktari... Mimi ndiye bibi... Hapana, tangu asubuhi hajakojoa..." Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Ndiyo. Nilikuwa na mwingine." Akakaa chini pale pale kizingitini. Alipomaliza alifuta simu kwa kanga, akakurudishia, akaniambia, "Nipe mtoto nimbebe. Wewe huna nguvu."

Tulishuka kwa pikapu ya maziwa ya jirani. Daktari alimpokea Neema mikononi mwa Mama, si mwangu, akamfundisha yeye kuchanganya dawa ya chumvi na kumnywesha kwa kijiko, kidogo kidogo. Baada ya siku chache mtoto alikuwa anacheka. Yule mama wa bondeni alipopita tena, Mama alimpokea vizuri, akampa chai, akamwambia, "Huyu ana daktari wake."

Baba, sasa umelala kihambani, katika shamba la ukoo wetu, na migomba imeshafunika njia ya kwenda kwako. Kesho nitamwambia yule msichana yote. Nitaanza na baba yangu. Aibu bado ninayo, lakini nadhani naweza kuongea nikiwa nayo.

Maana naikumbuka Jumapili ile kabla ya Neema kubatizwa, nilipoitwa mbele ya usharika nitubu kwa kuzaa nje ya ndoa, nirudishwe kundini. Nilisimama peke yangu, kichwa chini, kanisa limejaa. Nikasikia benchi la wazee likilia, halafu viatu vyako. Ukaja ukasimama pembeni yangu, bega kwa bega.

Mchungaji alikuinamia akanong'ona, "Mzee, wewe hujaitwa."

"Najua, Mchungaji," ulisema. "Endelea."

Lala salama, Baba yangu.

Binti yako,
Aika