Mitambo Ishirini na Minne, Mpigo Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Spana, fundi wetu, amelazwa tangu Ijumaa. Ngiri. Ukumbi wa kufumia wote umeniangukia mimi, msaidizi wake. Mimi!
Mitambo ishirini na minne, na kila mmoja ana mwendo wake. Huu mapigo 176 kwa dakika, ule 181, wa dirishani 185. Mzee ndivyo alivyoipanga, kwa makusudi, na namba kaziandika kwa chaki kwenye kila puli, lile gurudumu la mkanda. Nikimuuliza sababu hunijibu, "Binti, ikienda sawa itaota mapembe." Utani wa wazee.
Meneja analilia kitambaa zaidi. Nimefuta chaki, nimebadilisha puli, nimeandika namba upya. Yote 185 sasa.

Jumanne, 4 Machi
Kitambaa kimeongezeka! Meneja kauliza siri. Nikasema nimewahimiza wafumaji kidogo. Kwa nini nilidanganya? Sijui. Kanisifu mbele ya watu, kichwa kikavimba.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu.
Siku zote ukumbini ni kelele za vurugu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Leo saa nne mlio ukabadilika. Paa! Paa! Paa! Mitambo yote kwa pamoja. Chai ikacheza kikombeni. Na mimi, mjinga, nikacheka.
Saa tisa ukuta wa ngazi ukapasuka. Plasta ikamwangukia mama anayefunga marobota. Bega limevunjika. Nilikimbilia swichi kuu, nikazima.
Hapo ndipo nikaelewa. Sakafu ni moja. Kila mtambo unamsukuma mwenzake kupitia hiyo sakafu, na kama mwendo ni ule ule, mwishowe yote inashikana hatua moja. Mzee alikuwa anaiachanisha isishikane. Hakuwa anatania.

Ijumaa, 7 Machi
Mitambo bado imezimwa, hakuna ruhusa ya kuigusa. Meneja: nani kapanga mwendo wake?
Nikajibu puli ni kazi ya Mzee Spana.
Si uongo. Ni kazi yake kweli. Loo, ulimi hauna mfupa!
Baba watoto anauliza mbona sili. Nimesema kichwa.

Jumapili, 9 Machi
Nilikwenda kumwona mama wa marobota. Bega limefungwa, mkono hauinuki. Akanishukuru kwa kuzima mitambo haraka. Nimejichukia.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee karudi, anatembea kashika kiuno. Barua ya kumfukuza iko mezani kwa Meneja. Miaka thelathini na mmoja kazini.
Akaomba kwanza aione mitambo. Akapita puli moja moja, polepole, mpaka ya mwisho. 185, 185, 185. Chaki mpya, mwandiko wangu. Anaujua — yeye ndiye aliyenifundisha kuandika namba zile. Akanitazama. Sikuweza kumtazama.
Akamgeukia Meneja. "Uzee, bwana. Nilikosea mimi kabla ya kulazwa."
Nilifungua mdomo. Meneja alipogeuka, Mzee akaninong'oneza, "Una watoto wadogo. Rudisha mwendo mbalimbali, wa mlangoni uanze na 176."
Meneja kaandika maelezo ya Mzee ya kukiri kosa. Panatakiwa saini ya shahidi. Yangu. Nimesema naenda msalani mara moja, na huku ndiko niliko, daftari gotini. Nikisaini, nimemzika. Nisiposaini —
Mlango unagongwa. Si Meneja. Ni Mzee.
"Binti, toka usaini basi. Nimechoka kusimama."