Ile Shuka Uliyosema Ni Wewe

Baba Mwende,

Sikuulizi hali. Ukiwa huko Nkoroi kwa yule mwanamke wako, hali yako haiwezi kuwa mbaya, na kama ni mbaya, pole, mimi sina dawa.

Nakuandikia juu ya ile filamu iliyopigwa huku kwetu Kajiado. Unakumbuka ulivyonitongoza nayo? Ulisimamisha DVD kwa rimoti, ukanionyesha doa jekundu juu ya kilima, ukasema: "Yule moran ni mimi. Walinivalisha shuka." Picha ilikuwa na chenga hadi uso hauonekani, nami nikaamini. Kwa harusi yetu MC alikuita mwigizaji, ukapunga mkono kama mheshimiwa. Na kusema kweli nililipenda lile doa. Ulikuwa ukitoka kuoga na taulo begani, nakusalimia kwa Kimaasai, "Sopa", tunacheka wote wawili.

Ulipotuacha, DVD ilibaki na mamako. Macho yake yalikuwa na ukungu, DVD yako nayo ina ukungu, kwa hivyo walielewana. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiita nimwekee. Doa likitokea, anainua mkono: "Sopa, mwanangu." Wewe hujampigia hata simu.

Mwezi uliopita alitolewa mtoto wa jicho. Kitu cha kwanza aliomba ni kuona uso wako vizuri. Ndugu yangu akamtafutia filamu hiyo hiyo kwa Blu-ray, pamoja na mashine ya kuichezesha. Lo, ile picha! Nyasi unaziona moja moja. Unaona vumbi kwa ndevu za mbuzi. Kwa DVD kile kilima kilikuwa uji mtupu. Kwa Blu-ray unaona kichaka cha mgunga na miiba yake. Na kwa huo mgunga, Baba Mwende, kumetundikwa shuka. Hakuna mtu ndani. Ile mikono uliyosema unatupungia nayo ni upepo.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mamako hakucheka. Aliniambia nirudishe ile ya zamani. "Kwa ile ako," akasema. Nikairudisha. Lakini jicho likishafunguka limefunguka. Alilitazama lile doa mpaka likapita, halafu akasema polepole kwamba hata hapo ni kichaka. Nilimwonea huruma sana. Wewe sikukuonea.

Nilidhani mambo ya filamu yameisha. Jumapili iliyofuata akaniita tena, na akataka ile safi. Kilima kilipotokea, akainua mkono wake kama kawaida. "Sopa." Nikamuuliza sasa anasalimia nani.

"Kichaka," akanijibu. "Hicho hakijahama."

Kwa hivyo usijisumbue kuja. Mahali pako pamepata mwenyewe.

Ni mimi uliyemwacha,
Mama Mwende